Wazee wa kanisa na sufuria la Krismasi

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Baraza la wazee la usharika wetu limeamua kuwa Krismasi hii viongozi wasikae meza kuu, bali wawapakulie waumini chakula. Tunatarajia watu 200 na tutapika pilau ya ng'ombe. Wazee wawili wanapinga, wanasema tutajishushia heshima. Kinamama wa jikoni nao wanatucheka, eti tunakuja kupiga picha. Je, tufanyeje? Na je, tuwaoshe watu miguu pia? – Katibu wa baraza, Iringa

JIBU: Tuanze na kinamama, maana wana hoja. Kupakua ni kazi ya nusu saa, tena yenye kuonekana. Jiulizeni ni nani hukosa ibada ya Krismasi kila mwaka: ni hao hao, wako nje na kuni huku kwaya ikiimba. Basi wazee wasio na zamu madhabahuni wasali mkesha tarehe 24, na asubuhi ya tarehe 25 wao ndio washike mwiko, kinamama wakae kanisani mpaka baraka ya mwisho. Mama mmoja mpishi aliyesali mkesha awaelekeze. Aketi kwenye kiti, asiguse sufuria.

Kwa watu 200, hesabuni kilo 26 za mchele na kilo 30 za nyama, mgawanye katika sufuria mbili. Mchele uchambuliwe na vitunguu vimenywe tarehe 24 jioni. Nyama ianze kuchemka saa 12 asubuhi, kwani ya ng'ombe yaweza kudai muda wa saa mbili. Wapishi wapya huharibu kwenye maji: hutumia kipimo cha nyumbani. Sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo, hivyo maji yale yale hufanya pilau kuwa bokoboko. Anzeni na lita moja na nusu ya supu kwa kilo ya mchele, mkiongeza kidogo kidogo mkiona punje bado ngumu.

Wakati wa kupakua tumieni upawa wa saizi moja. Mkishatoa sahani 20, angalieni sufuria limeshuka kiasi gani, kwa sababu mkono wa ukarimu mwanzoni humaliza nyama kabla ya mstari wa nyuma. Sahani za wagonjwa na wakongwe walioko majumbani zitoke kwanza zikiwa moto, kisha watoto. Msiweke kando sahani ya kiongozi yeyote. Hapo ndipo shughuli nzima hugeuka maigizo.

Kuosha miguu kuna siku yake, Alhamisi Kuu, inapokumbukwa Yesu alivyowaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13). Krismasi osheni mikono, kwa kuwa watu watakula. Wazee wawili wawili: mmoja ana birika na sabuni, mwingine beseni na taulo. Wapite kwa walioketi, wainame. Tengeni lita 120 za maji, kabla na baada ya kula, na ya baadaye yawe vuguvugu yakate mafuta.

Wale wawili wanaohofia heshima, someni Luka 22:24-27 pamoja nao. Mitume walibishania ukubwa wakiwa mezani na Yesu, naye akawajibu: "Lakini mimi kati yenu ni kama atumikaye." Wafilipi 2 inaonyesha hilo lilianza tangu kuzaliwa kwake: aliyekuwa sawa na Mungu akatwaa namna ya mtumwa. Wakiendelea kukataa msiwalazimishe. Anayehudumu kwa kununa huwaharibia wageni chakula. Mwenye mgongo mbovu si mkaidi, huyo mpeni vitunguu saumu amenye akiwa ameketi.

Limebaki la vyombo, na hapa wengi hutoroka. Sufuria likiisha tu, limwagieni maji ya moto, maana ukoko ukikauka mtausugua mpaka jioni. Orodha ya waoshaji ibandikwe ukutani wiki moja kabla, kando ya ile ya wapakuaji, na jina la mwenyekiti liwe kwenye ya waoshaji.