Kufanya Kazi Pamoja Bila Kukwepana: Unyanyasaji, Woga na Ofisi za Nairobi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi Industrial Area, siku hizi hata ambaye hajawahi kuumwa anashtuka, akihofia kutuhumiwa unyanyasaji wa kingono. Meneja mwanamume huenda kula mchana na vijana wake, ilhali na msaidizi wake wa kike huwasiliana kwa baruapepe tu. Safari ya kumwona mteja Mombasa hupewa wanaume wawili kwa sababu "tukimpeleka yule msichana watu watasema." Meneja anaamini amejichunga. Kumbe hasara ameihamisha tu: mwanamke ambaye hajakosewa wala kulalamika ndiye anayekosa mteja, mafunzo na, mwaka ukiisha, cheo.

Woga wa namna hii hauzuii unyanyasaji. Mwenye nia mbaya hatishwi na mlango ulioachwa wazi. Anayekimbia ni yule ambaye hangekosea. Isitoshe, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake katika kuajiri, mafunzo, kupandisha cheo na masharti ya kazi. Kwa hiyo kumkwepa mwanamke kwa kuwa ni mwanamke kunaweza kukupeleka mahakamani kwa mlango mwingine.

Kanuni tunayoishauri ni moja: utaratibu uwe wa kila mtu. Ukiamua hukutani na mtu faragha, usikutane hata na wanaume. Ukiona mikutano ya watu wawili ni ya lazima, na kwa kweli ni ya lazima kwa tathmini ya kazi, ifanye na wote kwa muda uleule na mahali palepale. Nusu saa, ndani ya saa za kazi, kwenye chumba chenye kioo, na iandikwe kwenye kalenda ambayo wengine wanaiona. Kusiwe na tathmini ya saa moja usiku "kwa sababu mchana kulikuwa na shughuli." Mkimaliza, tuma mistari mitatu ya mliyokubaliana. Mistari hiyo inawalinda nyote wawili, na ina faida ya pili: inamsaidia anayetathminiwa kudai alichoahidiwa.

Safari ndizo huleta matatizo mengi, na mengi yanatokana na mipango mibaya tu. Hoteli ilipiwe na kampuni, si na meneja mfukoni mwake. Kila mtu achukue ufunguo wake mwenyewe mapokezi, na nambari ya chumba isitangazwe kwenye kundi la WhatsApp. Kazi ya jioni ifanyiwe sebuleni mwa hoteli au mkahawani, kamwe si chumbani, hata kama intaneti ya chumbani ndiyo yenye kasi. Kule Naivasha, kwenye zile semina za kujenga timu, mtu ajue mapema saa ngapi ratiba rasmi inaisha na awe na njia ya kuondoka isiyotegemea gari la bosi. Vivyo hivyo mjini: kazi ikipita saa moja usiku, ofisi ilipe teksi. Bosi kumsindikiza kila siku mfanyakazi yuleyule hadi kwake huanza kama wema, kisha siku mfanyakazi huyo atakapokataa lifti, anakuwa na kazi ya kueleza.

Sasa, nini hasa kinakatazwa? Kifungu cha 6 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinataja mambo manne. Kwanza, kuomba ngono au mguso wa kingono kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio, liwe wazi au la kufichwa. Pili, maneno ya kingono, yaliyosemwa au kuandikwa. Tatu, picha na video za aina hiyo. Nne, matendo ya mwili ya kingono. Kinachopimwa ni kama jambo hilo halikutakiwa au lilimchukiza aliyefanyiwa, na kama kwa asili yake linaathiri ajira yake, utendaji wake au kuridhika kwake na kazi. Ona kwamba sheria inamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza pia, si bosi pekee. Tena haisemi "mwanamke." Mwanamume anayeshikwashikwa na msimamizi wake wa kike analindwa vilevile, hata kama wenzake watacheka na kumwambia ana bahati.

"Umependeza leo" ikisemwa mara moja, kwa sauti ileile unayomsifia Kamau shati lake jipya, si kesi. "Hiyo sketi inakukaa vizuri, geuka tuone" ni jambo jingine kabisa. Ukiwa na shaka, jiulize kama ungemwambia hivyo mkurugenzi wako. Na haya majina ya "mrembo," "supuu" na "sweetie" yaachwe; mtu ana jina, na mteja aliyeketi mezani anajifunza kutoka kwako jinsi ya kumwita. Kumtongoza mtu ambaye wewe ndiwe unayetia sahihi likizo yake ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu "ndiyo" yake huwezi kuijua kama ni ya moyo au ya kodi ya nyumba. Ikiwa wawili wamependana kweli na mmoja ni msimamizi, waseme mapema, na tathmini ihamishiwe kwa mtu mwingine kabla ya mzunguko unaofuata.

Aliyekosewa na akaona ni salama kusema, aseme kwa ufupi na kwa jambo lenyewe: "Jana uliniita mrembo mbele ya mteja. Sikupenda. Niite kwa jina langu." Hapo hakuna haja ya hotuba. Anayeambiwa naye ajibu: "Nimekusikia, haitarudiwa," kisha anyamaze. Makosa mawili huharibu hapa. La kwanza ni kujitetea kwa dakika ishirini hadi mlalamishi aanze kumbembeleza aliyemkosea. La pili ni kununa: kuanzia kesho salamu zinakatika, kazi nzuri zinapelekwa kwingine, kikao kinafanywa bila yeye. Kununa huko ni kulipiza kisasi, na mara nyingi ndiko kunakogeuza neno dogo kuwa faili.

Kama si salama kusema, au umesema na imeendelea, andika. Tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa (usiyasafishe, hata kama ni ya aibu), nani alikuwepo, na wewe ulifanya nini baadaye. Andika siku hiyohiyo. Kwa WhatsApp, picha ya skrini ionyeshe nambari na tarehe, isikatwe. Hifadhi mazungumzo yote, si sehemu inayokufaa peke yake, na usiuze simu hiyo wala kuifuta. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huhitaji cheti kinachoeleza ulivyotolewa na kwa kifaa gani, na picha iliyopitia mikono ya watu watano ina kazi ngumu. Weka nakala nje ya kompyuta ya ofisi, kwa maana siku ukisimamishwa kazi utafungiwa baruapepe kabla hujafika kwenye lifti.

Likiwa ni shambulio la mwili au ubakaji, acha habari ya ofisi kwanza. Nenda hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazifai zikichelewa zaidi ya hapo. Usioge, usifue nguo. Zibebe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Polisi watakupa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Simu ya bure ya msaada wa dhuluma za kijinsia ni 1195.

Kwa mwajiri: ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inakutaka utoe sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana nao. Sera hiyo lazima ieleze maana ya unyanyasaji huo, hatua za nidhamu, jinsi ya kuwasilisha malalamiko, na kwamba jina la mlalamishi halitatolewa isipokuwa uchunguzi au nidhamu ikilazimu. Kampuni nyingi hunakili sera kutoka kwingine, huiweka kwenye kabati, na siku ya tukio inabainika kuwa mpokeaji pekee wa malalamiko ni meneja mkuu, ambaye ndiye analalamikiwa. Weka wapokeaji wawili, mwanamke na mwanamume, kutoka idara tofauti. Mwenye saluni ya watu sita halazimiki kuwa na sera, lakini makatazo yale manne yanamhusu naye.

Malalamiko yakifika, mjibu mlalamishi kwa maandishi ndani ya siku mbili. Kamati ya watu watatu inatosha, wasiwe chini ya yeyote kati ya wahusika. Watenganishe kikazi bila kumwadhibu aliyelalamika. Kumhamishia yeye tawi la Thika "kwa usalama wake" ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Jilazimishe kumaliza ndani ya wiki tatu, kwani baada ya hapo mashahidi huanza kusahau, au kukumbushwa.

Anayelalamikiwa naye ana haki, na kampuni huziruka zikidhani zinaonyesha ukali. Apewe madai kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, na kwenye kikao aje na mfanyakazi mwenza au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo kazini. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake huyo. Ukimfukuza asubuhi kwa ujumbe wa simu, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kukuagiza umlipe hadi mishahara ya miezi 12, hata kama alifanya alichotuhumiwa. Mlalamishi ataisoma hukumu hiyo kama ushindi wa mkosaji, na wenzake watajifunza kunyamaza.

Wanaume wengi huuliza kuhusu kusingiziwa. Hilo lipo, na ndiyo maana uchunguzi upo. Lakini dai ambalo halikuthibitishwa si lazima liwe uongo. Mambo haya hufanyika bila shahidi. Mwadhibu mlalamishi pale tu kuna ushahidi kwamba alijua anadanganya. Kesi ikifungwa bila kuthibitishwa, usiandike kwenye faili ya yeyote kitu kinachosomeka kama hatia.

Baada ya uamuzi, wengi hudhani kazi imekwisha. Zungumza na mlalamishi baada ya siku 30, kisha 90, na usimuulize "uko sawa?" kwa sababu atasema yuko sawa. Fungua orodha ya kazi. Angalia nani amekwenda Mombasa miezi hii mitatu, nani ameketi na mteja mpya, nani ameitwa kwenye kikao cha bajeti. Kisha ifungue orodha hiyohiyo kwa wanawake wengine wa idara ile, ambao hawakulalamika kuhusu chochote.