Je, Nchi Ijifungie Vita Vinapowaka kwa Wengine?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji waliiteka Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba, na wazee wetu wakatwishwa mizigo ya vita visivyowahusu. Je, si heri nchi ibaki ndani ya mipaka yake na kuwaachia wenye vita vita vyao?
Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wako una msingi, kwa kuwa wapagazi wale hawakuulizwa na yeyote. Lakini kuburutwa vitani na mkoloni ni jambo moja, na kushikamana kwa hiari na mataifa mengine ili kumzuia mvamizi ni jambo jingine.

Tazama yaliyoipata Ethiopia. Agosti 1935 Marekani, ambayo Seneti yake ilikuwa imekataa nchi hiyo isiingie katika Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoutangulia Umoja wa Mataifa, ilipitisha sheria ya kutoegemea upande wowote, na Italia ilipovamia mwezi Oktoba, pande zote mbili zikanyimwa silaha za Marekani. Kwa maandishi hiyo ilikuwa haki sawa. Ila Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha na Ethiopia ilitegemea kununua nje, hivyo aliyeumia ni yule aliyeshambuliwa. Mafuta yaliyoendesha malori na ndege za Mussolini, mtawala wa Italia, hayakuwamo katika marufuku hiyo.

Wala siwatetei waliojiita washirika. Shirikisho, ambalo Ethiopia ilikuwa mwanachama wake, liliweka vikwazo mwezi Novemba likayaacha mafuta vilevile, na meli za askari wa Italia ziliendelea kupita katika Mfereji wa Suez. Addis Ababa ilitekwa Mei 1936. Tarehe 30 Juni Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alisimama mwenyewe mbele ya wajumbe wa Shirikisho mjini Geneva kudai haki, na kabla ya Julai kwisha vikwazo vilikuwa vimeondolewa. Ushirikiano wa nusunusu ulimwangusha sawa na kujitenga.

Marekani yenyewe haikuingia rasmi katika Vita vya Pili vya Dunia hadi Wajapani walipoipiga bandari yake ya kijeshi ya Pearl Harbor, Desemba 1941.

Nasi Kigoma, tujifungie wapi? Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972 na tena 1993, na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Vita vya jirani vinatufikia hata tusipovitaka, ndiyo maana naona Mwalimu Nyerere alifanya sawasawa kuwakalisha Warundi mezani Arusha, kazi aliyoishika hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000.