Mitaa ya kukwepa Dar ukija na mtoto

Dada, unatoka Mwanza na mtoto, mafunzo ni Muhimbili mwezi mzima, na unataka uambiwe mitaa ya kukwepa Dar. Mimi ningeanza na bonde la Msimbazi. Jangwani, Kigogo ya bondeni na Hananasif zisikuvutie kwa kodi nafuu, hasa kama unakuja kati ya Machi na Mei. Mvua ikikaza maji yanaingia ndani, na barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Kabla hujalipia chumba, omba picha ya ukuta wa nje. Ukiona mstari wa tope usawa wa goti, achana nacho.

Wezi? Kariakoo ni wachomoaji, tena mchana kweupe kwenye msongamano, kwa hiyo simu isikae mfuko wa nyuma. Ila jina la mtaa lisikupumbaze: hata Oysterbay na Masaki, kwenye nyumba za mabalozi, mikoba hunyakuliwa na watu wa pikipiki barabara ikiwa tupu.

Sinza si pabaya, lakini gesti ikipakana na baa mtoto halali. Mtume ndugu apite Ijumaa saa tatu usiku asikilize. Mbagala na Kigamboni foleni zitakumaliza, na Kigamboni kuna pantoni juu yake.

Ningekuwa wewe ningebanana Upanga, hata chumba kidogo. Bei imechangamka, ndiyo, lakini Muhimbili unaenda kwa miguu.