Maswali yenu kuhusu kuchambua takwimu kwa lugha ya R

Wasomaji wengi wameuliza namna ya kujifunza kuandika programu za takwimu kwa R, lugha ya kuiandikia kompyuta amri za kuchambua data, ili data za kazini ziwasaidie kufanya maamuzi. Nimechagua maswali sita.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Kazi zote nazifanya kwa Excel na sijawahi kukwama. Kwa nini nijisumbue? (Msomaji, Moshi)

Kama kazi yako ni kujumlisha marejesho ya mwezi, endelea na Excel bila wasiwasi. Mambo hubadilika pale hesabu yako inapokuwa msingi wa uamuzi wa watu wengine, kwa sababu katika Excel fomula hujificha ndani ya kisanduku, na anayesoma jumla haoni ni visanduku gani vilivyojumlishwa.

Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri ambazo deni la serikali limezidi 90% ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa -0.1% kwa mwaka, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali wakayanukuu matokeo hayo. Mwaka 2013 Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipata faili lenyewe la hesabu na kukuta kwamba fomula ya wastani iliishia njiani na kuziacha nchi 5 kati ya 20. Yeye na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walirekebisha kosa hilo pamoja na kasoro nyingine nzito zaidi, yaani data zilizoachwa nje na namna kila nchi ilivyopewa uzito, wakapata ukuaji wa 2.2%. Waandishi wa makala walikiri kosa la fomula, ingawa waliendelea kutetea hoja yao kuu.

Jambo hili hunigusa kila ninapolikumbuka, kwa kuwa aliyekuwa na makala peke yake asingeweza kuligundua kosa hata angeisoma mara kumi. Katika R kila hatua ni mstari ulioandikwa: soma faili hili, ondoa waliofunga akaunti, kokotoa wastani. Mkaguzi wako ataweza kuusoma uchambuzi wote kutoka juu hadi chini, na akiurudia atapata jibu lile lile.

Nianze na R au Python? (Afisa ufuatiliaji na tathmini, Dodoma)

Kwa kazi yako, R. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na wanatakwimu Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa kufuata mfano wa lugha ya S iliyotoka katika maabara za Bell nchini Marekani, na toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya takwimu, majedwali ya data, grafu na vipimo vya kitakwimu vimo ndani yake tangu siku unapoisakinisha. Python ni lugha ya kazi nyingi, na inamfaa zaidi mtu anayetaka pia kujenga mifumo. Zote mbili ni za bure. Hata hivyo, ikiwa wenzako ofisini wanatumia Python, ifuate hiyo hiyo, maana mtu wa karibu wa kumuuliza atakufaa kuliko sifa yoyote ya lugha.

Hisabati ilinishinda tangu sekondari. Nitaweza? (Mwalimu, Kigoma)

Utaweza. Kukokotoa ni kazi ya kompyuta. Wewe unahitaji kuelewa vizuri asilimia, wastani, thamani ya katikati na mtawanyiko wa namba. Kitakachokusumbua wiki za mwanzo ni mabano na alama za mkato, na dawa yake ni kuandika kila amri kwa mkono wako badala ya kuinakili.

Nimeomba wastani na R inanijibu NA tu. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Kilifi)

Hujakosea. NA ni alama ya kipimo kisichokuwepo, na R inakataa kukisia. Jaribu data za mfano zinazokuja na R zinazoitwa airquality, ambazo ni vipimo vya hewa ya New York kwa siku 153, kuanzia Mei hadi Septemba 1973. Siku 37 hazina kipimo cha ozoni, kwa hiyo mean(airquality$Ozone) hutoa NA. Ukiongeza na.rm = TRUE ndani ya mabano, siku hizo huachwa na unapata takriban 42.1.

Nakuomba lakini usiifanye nyongeza hiyo kuwa mazoea. Kama zahanati ambazo hazikuleta ripoti ndizo zilizozidiwa na wagonjwa, wastani wa zilizobaki utakuonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Hesabu kwanza zimekosekana ngapi na za wapi, ndipo uamue.

Katika data zetu, wakulima waliohudhuria mafunzo wanavuna mahindi machache kwa ekari kuliko wasiohudhuria. Nimshauri mkurugenzi asitishe mafunzo? (Mratibu wa mradi, Iringa)

Usimshauri hivyo bado. Fungua data za UCBAdmissions, ambazo nazo zimo ndani ya R. Ni za waombaji 4,526 wa idara sita kubwa za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Kwa ujumla wanaume waliokubaliwa ni takriban 45% na wanawake 30%. Ukizigawa kwa idara, wanawake wanawazidi wanaume katika idara nne kati ya sita, na katika idara A ni 82% dhidi ya 62%. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ambazo zilikataa watu wengi wa jinsia zote.

Huenda na kwenu mafunzo yalianzia kwenye kata zenye mvua haba. Wagawe wakulima kwa kata, kisha ulinganishe waliohudhuria na wasiohudhuria ndani ya kila kata, na uandike idadi ya wakulima katika kila kundi, kwa kuwa wastani wa watu wanne hauwezi kubeba uamuzi wa bajeti.

Nitapata wapi data halisi za kujifunzia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Anza na sensa. Matokeo ya mwaka 2012 na 2022 yametolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kompyuta ya kawaida isiyo na intaneti inatosha kuyachambua. Tanzania ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani ongezeko la takriban 37%; Dar es Salaam ilitoka 4,364,541 hadi 5,383,728, takriban 23% tu; Pwani ilitoka takriban milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Fanya hivyo kwa mikoa yote, chora grafu, kisha uandike ungejenga shule kumi mpya wapi, pamoja na amri zote zilizokufikisha kwenye jibu hilo.