Siku ya kwanza Granada: tuanze na Alhambra?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa Julai mimi, mume wangu, watoto wetu wawili wenye umri wa miaka 9 na 5, pamoja na mama mkwe wangu ambaye magoti yanamsumbua, tutakwenda Granada, Uhispania, kumtembelea shemeji yangu anayefanya kazi huko. Siku ya kwanza yeye atakuwa kazini, nasi tutajitembeza wenyewe. Mume wangu anataka tuamkie Alhambra. Mimi nawahofia watoto na bibi yao. Tena sisi ni Waislamu, na nasikia huko nguruwe haepukiki. Tufanyeje? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

JIBU: Dada yangu wa Tanga, mumeo hana kosa kuitamani Alhambra, ila siku ya kwanza si siku yake. Ngome ile ni matembezi ya saa tatu au zaidi, na tiketi ya kuingia majumba ya wafalme wa Kinasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala Granada, huandikwa saa maalumu ya kuingia, ambayo mtu akiipitisha hana ruhusa ya kuingia. Kwa kuwa tiketi za Julai huisha mapema, zinunueni sasa hivi kwa ajili ya siku ya pili au ya tatu, asubuhi kabisa, mkijaza jina na namba ya pasipoti ya kila mmoja. Hata mtoto asiyelipa huhitaji tiketi yake, na pasipoti zenyewe mzichukue siku hiyo.

Siku ya kwanza kazi yenu kubwa ni kuizoea saa ya mji. Chakula cha mchana huliwa kuanzia saa nane, maduka mengi madogo hufungwa hadi kama saa kumi na moja, na mikahawa mingi haiwashi tena majiko hadi saa mbili au saa tatu usiku. Mimi nililipuuza jambo hili nilipokwenda na mwanangu: saa kumi na mbili jioni tulizunguka mkahawa mmoja baada ya mwingine tukiambiwa jiko limefungwa, na sahani ilipofika hatimaye, mtoto alikuwa amelala, shavu juu ya kitambaa cha meza, uma ungali mkononi. Basi walisheni vizuri mchana, kisha walazeni nyumbani, kwani joto la Julai mara nyingi hufika nyuzi 35, nalo ni joto kavu linalomkausha mtu bila yeye kujua, tofauti na letu la pwani.

Asubuhi anzieni uwanja wa Bib-Rambla, ambao jina lake limetokana na Kiarabu, yaani lango la mchanga. Ni tambarare, kwa hiyo bibi atatembea bila shida, na watoto watapata churros, vijiti vya unga vilivyokaangwa ambavyo huchovywa katika chokoleti nzito. Granada kwa Kihispania ni komamanga; waambieni watoto wahesabu makomamanga yaliyochongwa kwenye vinguzo vya kando ya barabara, nao hawatawasumbua kwa muda mrefu. Hatua chache kutoka hapo mtaikuta Capilla Real, kanisa dogo la kifalme walimozikwa malkia Isabel na mfalme Fernando, watawala Wakristo ambao Sultani Muhammad wa 12, anayejulikana kwa jina la Boabdil, aliwakabidhi mji tarehe 2 Januari 1492. Mwenye haraka anaweza kuiruka, lakini mimi nisingeiruka.

Kuhusu nguruwe, tahadhari si kwa kile mnachoagiza tu. Granada ukinunua kinywaji katika baa nyingi huletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo, na mara nyingi huwa na jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Semeni mapema “sin cerdo”, bila nguruwe. Biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa zitawapendeza, na katika mtaa wa Calderería Nueva ziko nyumba za chai za Kimoroko ambako mtaulizia chakula cha halali bila kuona haya. Maneno nayo hayatawapiga chenga sana: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, azafrán ni zafarani.

Jioni, jua likianza kupoa, pandeni basi dogo jekundu hadi San Nicolás, juu ya mtaa wa kale wa Albaicín. Hapo mtaiona Alhambra ng'ambo ya bonde ikigeuka rangi, na nyuma yake milima ya Sierra Nevada. Mumeo atakuwa ameiona siku ya kwanza kama alivyotaka. Pembeni pana msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wenye bustani inayotazama upande huo huo, na magharibi ya Julai huingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo msihofu kuikosa. Wakati wa kurudi, bibi asishawishiwe kushuka kwa miguu: vichochoro vya Albaicín vimetandazwa kokoto, na magoti mabovu huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando.