Kabla ya kuandika kwamba nondo wamepungua

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kufuatilia wadudu huku kwetu kusini mwa Tanzania, iwe Newala au Nachingwea, shikeni hili mapema: mtego wa feromoni hunasa nondo madume tu, kwa kuwa kile kivutia kinaiga harufu ya jike. Msimu wangu wa kwanza niliripoti kwamba kiwavijeshi vamizi, yule kiwavi wa nondo anayekula mahindi, amepungua. Kumbe kivutia kilikuwa kimeisha harufu, na mahindi ya yule mama aliyenipa shamba yalikuwa yanaliwa. Liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Kwa hiyo ukimaliza mtego, ingia shambani, piga goti, fungua moyo wa mmea wa mahindi, ondoa kile kinyesi kama unga wa mbao, umtazame kiwavi: usoni ana alama ya Y iliyopinduka, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa mraba.

Mtaulizwa pia kuhusu GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Wakulima wetu hawauziwi mbegu hizo, na mwaka 2021 Serikali iliagiza majaribio yake yasitishwe, lakini habari zinawafikia. Mzee mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, hiyo mbegu inaua funza, na nondo je?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye semina.

Nondo mwenyewe hadhuriki, maana yeye hunywa maji matamu ya maua. Mmea ule umepewa kinasaba cha bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, nao hutengeneza protini inayotoboa utumbo wa kiwavi akitafuna jani. Anaacha kula, anakufa. Jike hatambui tofauti, anataga humo humo, na watoto wanaishia hapo. Kizazi kinachofuata kinakuwa kidogo hata kwa jirani aliyepanda mbegu ya kawaida. Marekani walianza kupanda mahindi hayo mwaka 1996. Utafiti wa 2010 katika majimbo matano ulikadiria faida ya dola bilioni 6.9 kwa miaka 14 kutokana na kupungua kwa bungua wa Ulaya, kiwavi anayetoboa mashina ya mahindi, na zaidi ya nusu iliwaendea waliopanda mahindi ya kawaida.

Msiishie hapo mnapomjibu mkulima. Wale viwavi wachache wanaohimili sumu wakibaki peke yao, wataoana wao kwa wao na usugu utaenea. Ndiyo maana pembeni huachwa eneo la mbegu ya kawaida, liitwalo kimbilio, litoe nondo wasio sugu wa kuoana nao. Afrika Kusini wakulima wengi hawakulitenga ipasavyo. Mbegu ilianza kupandwa 1998, na kufikia 2007 bungua wa mahindi sugu alikuwa ameripotiwa. India nako funza wa pinki wa pamba alishinda aina ya kwanza ya pamba yenye kinasaba hicho.

Wazee wa kusini hawahitaji somo refu kwamba nondo hajui mpaka. Pamba ilikatazwa huku ili funza mwekundu asifike kwenye pamba ya kaskazini.

Basi kwenye daftari, kando ya idadi ya nondo, andikeni tarehe mliyobadilisha kivutia, idadi ya mimea mliyofungua, na kilichopandwa na majirani pande zote nne. Kama jirani ameng'oa mtama wiki hiyo, hilo nalo liandikwe.