Mume wangu na mwanangu wanafanana kupita sura

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mwaka jana daktari alituambia ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya aone ugumu kuwasiliana na kuchangamana na watu. Tangu siku hiyo nikimwangalia baba yake naona mambo yale yale. Kikombe chake kikihamishwa mahali pake, siku nzima imeharibika. Harusini hukaa nje kwenye gari mpaka niage. Anajua kila aina ya lori linalopita Barabara ya Kilwa, lakini mgeni akimsalimu atajibu neno moja. Mama mkwe anasema kwao hakuna kitu kama hicho, tumbo langu ndilo lenye kasoro. Je, mume wangu naye ana usonji? Nimwambie? Tunataka mtoto wa pili na ninaogopa.*
*Mama Nasri (si jina lake halisi), Mbagala*

Marahaba, Mama Nasri.

Macho yako hayakukudanganya. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na ni maandishi hayo yaliyoutambulisha usonji kwa madaktari wengi. Humo humo aliwataja na wazazi wao: baadhi yao watu wa vitabu na kazi, wasiovutwa sana na mikusanyiko ya watu. Ubaya ulikuja baada ya hapo, wataalamu waliposhikilia kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto ajitenge. Miaka mingi akina mama wa Marekani na Ulaya waliketi mbele ya madaktari wakatwishwa mzigo huo. Inaniuma kila ninapoikumbuka habari hii, maana ndiyo lawama anayokupa mama mkwe wako leo.

Mapacha walisaidia sana kuiangusha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza Uingereza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja ana usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 wote wawili walikuwa nao. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Malezi yalikuwa ya nyumba moja kwa kila jozi, ila mapacha wa kufanana hushiriki urithi wote na wasiofanana hushiriki sehemu tu, kwa hiyo tofauti ilitoka kwenye damu. Ila linalokuhusu zaidi ni hili: katika zile jozi 7 za kufanana ambazo pacha mmoja tu ndiye aliyekuwa na usonji, 5 kati ya wenzao nao walikuwa na shida ya lugha au ya kujifunza. Urithi ulikuwa umewafikia, kwa sura nyepesi zaidi.

Watafiti waliofuata wakawageukia wazazi na ndugu wa watoto wenye usonji. Kwa baadhi yao, wala si wote, walikuta mambo matatu yakijirudia: kutovutiwa na kukaa na watu, kuumizwa na mabadiliko madogo ya ratiba au mpangilio, na ugumu wa kuendesha mazungumzo, kama kujua lini uongee na lini mwenzako amechoka kusikiliza. Kikombe, gari la harusini, jibu la neno moja. Hulka hizi si ugonjwa. Zimo hata kwa watu wasio na mtoto mwenye usonji katika ukoo wao, na wengi wanafanya kazi, wanaoa na wanalea bila tatizo.

Kwa barua siwezi kusema kama mume wako mwenyewe ana usonji, na mtu yeyote asikudanganye kwamba anaweza. Wapo watu wazima wanaogunduliwa baada ya watoto wao. Kama hulka hizi zinamfukuzisha kazi, zinamnyima usingizi au zinamtia huzuni isiyoondoka, aende kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kama anaishi vizuri, mwache alivyo.

Kumwambia, mwambie, lakini isiwe katikati ya ugomvi wala kwa sauti ya kumpa hukumu. Anza na maswali. Muulize alipokuwa mdogo kelele za sherehe zilimfanyaje. Muulize anahisi nini vitu vikihamishwa. Nasri akijiziba masikio sokoni, wewe unaona kilio tu. Baba yake huenda anajua kilio hicho kinatoka wapi. Nakuomba usimpoteze mtu huyo kwa kumfanya mshtakiwa. Mpe kazi za malezi zinazomfaa: kumtayarisha mtoto kwa safari kabla ya siku yenyewe, kupanga ratiba ya asubuhi, kukaa naye kimya wakitazama malori. Na harusini mpatane kabla: ataingia, atasalimia wazee, kisha aende zake garini bila wewe kununa.

Sasa mama mkwe. Najua kishawishi ulicho nacho, maana jibu umelipata na lipo kwa mwanawe. Usilitumie. Usonji hauna jeni (chembe ya urithi) moja inayotoka upande mmoja. Jeni ni nyingi, huchangiwa na pande zote mbili, na mabadiliko mengine ya jeni huanza kwa mtoto mwenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo. Tazama na kwenu, huenda yupo mjomba mwenye mambo yake. Maneno ya kumnyamazisha mama yatoke kwa mume wako, faragha, kwa heshima: kwamba daktari amesema si kosa la mtu, na neno la tumbo lisirudiwe mbele ya mke wake.

Mtoto wa pili. Tafiti zilizofuatilia wadogo wa watoto wenye usonji tangu uchanga zilikuta takriban mmoja kati ya watano naye anao, wavulana zaidi ya wasichana. Maana yake wanne kati ya watano hawana, ingawa baadhi huchelewa kusema. Uamuzi ni wenu wawili, na sioni sababu ya kuukata kwa hofu. Mkimpata, waelezeni wauguzi wa kliniki mapema kwamba kaka yake ana usonji. Akifika mwaka mmoja haitikii jina lake, hapungi mkono wala hanyooshi kidole kuonyesha kitu, mpelekeni hapo hapo, hata kama majirani watawaambia watoto wa kiume huchelewa.